Magoti Niliyokupigia Kinshasa

Mama,

Kwa heshima zote zinazokustahili, mbele ya familia nzima, majirani wa kushoto na wa kulia, mbuzi waliohudhuria na wale waliotuma udhuru, ninakutangazia rasmi kwamba choo chako cha Kabambare kimepata mulango. Ni mulango wa mbao, wenye bawaba na komeo la ndani. Uliwekwa Ijumaa baada ya sala. Shemeji Assani, mutoto wako wa kwanza, aliufungua na kuufunga mara nyingi ili kila mutu ashuhudie kwamba unafunguka na unafungika. Kuna mutu alipiga makofi.

Najua ungesema nini. Ungesema, "Nimekufa ndiyo wamekumbuka kwamba nilikuwa ninaenda choo." Na ungekuwa na haki. Ulituomba ule mulango wakati ulipoanza kukaa mule ndani muda murefu, ukishika kitenge mbele yako kama pazia, na sisi tukadhani uzee umekufundisha maringo. Hata sasa haukuwekwa kwa ajili yako. Umewekwa kwa ajili ya wageni watakaokuja kumaliza matanga yako.

Mimi ni yuleyule mukwe wako, mutengenezaji wa telefone na redio pale karibu na soko la Kasongo, niliyejifunza Kifaransa kwenye redio za watu waliochelewa kuja kuzichukua. Ninakuandikia juu ya meza ya kazi, kati ya telefone iliyoanguka ndani ya maji na nyingine ambayo mwenyewe anaapa haikuanguka ndani ya maji. Sijui barua ya marehemu inapita wapi. Za wazima hapa kwetu zinapita mufukoni mwa mutu wa pikipiki, na si zote zinafika.

Habari za nyumbani ni hizi. Riziki, mutoto wako, ambaye ni muke wangu, ni muzima. Mutoto wetu tulimupa jina lako, Salima. Ameota meno na anauma kila kitu, hata waya zangu za kuchomelea. Assani bado anachimba zahabu kule Lusangi, na bado zahabu inamukimbia. Karanga zako za nyuma ya nyumba zilivunwa na watu waliokuja kulia. Walilia vizuri, siwezi kulalamika.

Na kuna hii nyingine. Dokta wa Kinshasa aliniandikia kwamba yale majaribio ya dawa yamefungwa, na sasa wanafungua ile kura ya nani alipewa dawa mpya na nani hakupewa. Atapiga simu kutuambia wewe ulikuwa upande gani. Aliuliza kama familia inataka kujua. Nilimujibu ndiyo kabla sijamuuliza mutu yeyote. Tangu siku hiyo, telefone ya mutu ikilia mezani kwangu, ninaruka kama mwizi.

Assani anangoja simu hiyo apate kusema kwamba dawa mpya ndiyo iliyokuua. Mimi ninaingoja ili niseme kwamba dawa mpya ndiyo iliyokushika mukono ile miezi yote. Tunangoja simu moja, kila mutu na hotuba yake tayari mudomoni.

Acha niandike mambo yalivyokuwa. Wewe unayajua kuliko mimi, lakini Salima siku moja atasoma karatasi hii, na watoto wa siku hizi wanakula sahani moja na mama-mukwe, hawatasikia chochote mutu asipowaeleza.

Ugonjwa wako, Mama, ulikuwa mahali ambapo kila mutu mwenye heshima anajifanya hana. Ulificha damu, ukaosha nguo zako mwenyewe mutoni, mbali na wanawake wengine. Ulipochoka kuficha, pale Kabambare walisema ni emoroide, yaani bawasiri. Huyu alikupa pomade, yule akakupa majani ya kukalia kwenye beseni la maji ya moto. Siku Riziki alipokuja kukuchukua akulete Kasongo, ulikaa kwenye pikipiki upande upande juu ya muto wa kulalia, na hukusema neno njia nzima, mpaka kwenye lile daraja la miti, ulipomugonga yule kijana wa pikipiki begani: "Mutoto wangu, ukiona shimo, zunguka. Mimi tayari niko nalo moja linanisumbua." Riziki alinihadithia akicheka huku akilia.

Dokta wa Kasongo alikata kipande kidogo cha nyama, akakituma Kinshasa. Jibu lilichelewa kuliko muchele wa musaada unaongojwa kwenye foleni. Lilipofika lilisema kanseri, kanseri ya kulekule, ya njia ya haja, na tayari ilikuwa imetembea, haikuwa ya kukatwa tena. Lakini dokta alisema Kinshasa kuna hospitali inatafuta wagonjwa wa kanseri hiyo hasa, wajaribu dawa mpya pamoja na ile ya kawaida, na kwamba wao wenyewe wanalipa ndege na malazi.

Nani aende nawe? Riziki alikuwa na mimba ya Salima. Assani alisema shimo lake la Lusangi liko karibu kutoa. Kwa maneno yake mwenyewe, mbele ya watu: "Mukwe anajua Kifaransa. Aende yeye." Ninaandika hivi kwa sababu siku hizi Assani anakumbuka kwamba alisema kinyume.

Basi, Salima, sikia. Kwetu mukwe hakai mahali pamoja na mama wa muke wake. Hamuangalii usoni. Hali chakula mbele yake, wala yeye hali mbele ya mukwe. Akitaka kumuambia kitu, anamuambia mutu wa katikati, na yule anafikisha, hata kama wote watatu wako chini ya paa moja na wote wana masikio. Na kuhusu mwili wa mama-mukwe, mukwe hajui kama ana mwili. Sasa fikiria mimi na bibi yako Kinshasa, ndani ya chumba kimoja cha wageni wa hospitali, kitenge tumekitundika katikati kwa kamba, hakuna mutu wa katikati. Na kazi yangu ni kutafsiri maswali ya dokta kuhusu choo.

Hospitali ilikuwa na mukalimani, kijana wa Lubumbashi, mupole kabisa. Ulimusikiliza dakika chache, ukajifunika uso, ukasema, "Afadhali aibu ya nyumbani." Halafu ukaweka termos ya chai juu ya kiti, katikati yetu, ukaiambia: "Termos, mwambie mukwe wangu aanze."

Ndivyo tulivyofanya. Mimi niliangalia ukuta, wewe uliangalia dirisha, na termos ilikaa katikati na heshima yake yote. "Ee termos, dokta anauliza kama mama anatoka damu kila akienda kule." "Termos, mwambie dokta si kila siku. Siku nikila vizuri tu." "Termos, dokta anauliza kama kukaa kunauma." "Mwambie kukaa kunauma, kusimama kunachosha, na maswali yake yanafanya yote mawili."

Yule muuguzi, mama wa Kinshasa mwenye sauti ya muuza samaki, alinivuta pembeni akaniuliza kwa Kifaransa kama mimi pia ni mugonjwa. Nikamueleza. Kesho yake aliingia, akainama mbele ya kiti, akasalimia kwa Kilingala: "Mbote, termos." Ulicheka mpaka ukashika tumbo. Nilisikia kicheko chako kwa mara ya kwanza siku ile, Mama. Miaka yote niliyomuoa mutoto wako, ulikuwa unachekea mbali.

Siku ya kuomba ruhusa yako, dokta alieleza polepole na mimi nikatafsiri polepole, sikuacha kitu, na hilo ndilo jambo langu moja safi katika habari hii yote. Kila mugonjwa atapata dawa ya kawaida, mufuko wa kwanza. Baadaye anatundikiwa mufuko wa pili. Huo wa pili, kwa wengine una dawa mpya, kwa wengine una maji ya chumvi tu. Mashine ndiyo inapiga kura. Mugonjwa hajui, muuguzi hajui, dokta mwenyewe hajui, mpaka mwisho. Na siku yoyote mugonjwa akitaka kuacha, anaacha, anarudi kwao, hakuna atakayemuuliza kwa nini wala kumukasirikia. Nililitafsiri hata hilo la mwisho. Nililitafsiri vizuri sana.

Ukajibu: "Termos, mwambie dokta nimesikia. Hata siku ya kuolewa nilionyeshwa mufuko tu, ndani sikujua kuna nini." Dokta aliuliza umesema nini. Nikamwambia umekubali.

Kwenye ndege tulipokuwa tunatoka Kindu kwenda Kinshasa, unakumbuka, uliangalia chini kupitia dirisha dogo, ukaiona Lualaba, ule muto wetu mukubwa, ukaiambia ile mikoba yetu, kwa kuwa termos ilikuwa bado haijapewa kazi yake: "Kumbe ni kamba tu. Miaka yote nimeiogopa, ni kamba ya kufungia mbuzi." Ninaiwaza sana siku hizi. Sijui kwa nini ninaiandika hapa, haina kazi. Acha ikae.

Mufuko wa kwanza ulikuangusha nywele na kukutapisha, kama walivyosema. Ule wa pili ndio ulionikosesha usingizi. Kazi yangu, Mama, ni kufungua kitu kilichofungwa na kuona ndani kimeharibika wapi. Mufuko ule ulining'inia mbele ya macho yangu, maji meupe yanashuka tone tone, na sikuwa na bisibisi ya kuufungua. Nikaanza kutafuta dalili nje. Nilikuwa nimesoma kwenye karatasi zao kwamba dawa mpya inaweza kuleta muwasho wa ngozi. Basi siku moja nikasikia nyuma ya kitenge unajikuna mukono. Mama, nilimushukuru Mungu. Ni mukwe gani mwingine duniani amefurahi kumusikia mama-mukwe wake akijikuna?

Halafu ukaanza kula. Nilijua kwa sahani, kwa sababu mimi ndiye niliyezirudisha jikoni, na zilikuwa zinarudi nyepesi. Halafu ukaomba pilipili. Halafu siku moja ulikaa kwenye kiti, ukakaa kabisa, na hukusema kitu kibaya kuhusu kiti. Nikampigia Riziki: "Ni dawa mpya. Mama yuko upande wa dawa mpya. Nina hakika." Nani alinipa hakika hiyo? Mukono uliokunwa na sahani ya wali. Nimewahi kumucheka muteja aliyeniletea redio akasema imepona kwa sababu ameipiga kofi.

Ndipo ikaja ile siku. Riziki alikuwa amepiga simu, miguu imevimba, siku zake zimekaribia, mutoto wa kwanza. Ulisikiliza sauti yake, ukanirudishia telefone kwa kuiweka juu ya kiti. Ilikuwa asubuhi, muuguzi alikuwa bado hajapita. Ukasema: "Termos, mwambie mukwe wangu nimetosheka na Kinshasa. Nataka kwenda nyumbani nimukande mutoto wangu akishazaa. Mutoto wa kwanza, nani atamukanda? Nani ataosha mutoto? Hii dawa, hata ikinipa miezi, nataka niishi miezi hiyo kule."

Sentensi hiyo ilikuwa wazi kuliko yoyote niliyotafsiri pale. Muuguzi alikuwa hatua chache kwenye korido. Nilitakiwa kutoka, kumwambia, "Mama anaacha," na wao wangetafuta ndege, kama walivyoahidi. Na ninaamini wangetafuta, maana walikuwa watu wa neno lao.

Mimi nikapiga magoti.

Wewe na mimi tunajua maana yake. Salima hajui. Mutoto wangu, kwetu mukwe akipiga magoti mbele ya mama-mukwe akaomba, mama hana njia ya kukataa. Akikataa, ni kama amemukana mukwe, amerudisha mahari, na aibu yote inamwangukia binti. Kwa hiyo mukwe mwenye akili hapigi magoti ovyo. Wanaume wengi wanakufa hawajapiga hata siku moja. Mimi niliyapiga kwenye sakafu ya hospitali, kando ya ndoo ya kupigia deki, nikasema moja kwa moja, bila termos: "Mama, ninakuomba, maliza dawa."

Ulivuta kitenge usoni. Halafu ukasema, na wewe bila termos, kwa sauti ya mutu anayeongea na mutoto aliyevunja chungu: "Simama, Mukwe. Utachafua suruali."

Hukusema tena habari ya kurudi. Muuguzi alipoingia akauliza kama siku zinaenda vizuri, nilitafsiri swali, ukajibu, "Mwambie zinaenda." Wazungu na madokta wao waliandika sheria nzuri kwamba mugonjwa asilazimishwe na mutu yeyote. Walifikiria dokta, walifikiria hospitali. Magoti ya mukwe kutoka Kasongo hawakuyafikiria. Wangeyafikiria vipi?

Salima alizaliwa wewe ukiwa kitandani na mufuko unashuka. Nilikuwekea telefone sikioni usikie akilia. Ulisema, "Analia kama Assani. Mumupe maji ya sukari," halafu ukageukia ukutani, na ule ukuta ulikuwa upande wangu, na kwa mara ya kwanza uliniangalia machoni. Ningependa ungesema kitu.

Baadaye sahani zikaanza kurudi nzito. Dokta alisema kanseri imefika kwenye maini. Alisema pole, na alisema sasa ni kukutuliza maumivu tu, na kama tunataka kusafiri tusafiri. Tulitafutiwa ndege. Ulikufa Jumatano, ndege ilikuwa ya Jumamosi. Tulikuzika Jumatano hiyohiyo kama dini inavyotaka, katika makaburi makubwa ya nje ya muji, kati ya watu ambao hawasikii Kiswahili. Wanaume wa musikiti wa jirani ndio waliokubeba. Mimi nilikuwa mutu wa pekee anayekujua, na kwa desturi yetu hata mimi sikupaswa kukujua sana.

Nilirudi Kasongo na mufuko wako wa nguo. Kabambare walilia juu ya mukeka mutupu. Assani alikuja kutoka Lusangi na matope bado kwenye viatu, akaniuliza mbele ya wazee: "Mulimujaribia mama dawa kama panya, ndiyo?" Nikasema hapana, dawa ilimusaidia. "Ilimusaidia kufika wapi?" Nilitaka kusema ilimupa miezi. Lakini miezi hiyo tulikaa wapi? Nyuma ya kitenge, Kinshasa, tukiongea na chombo cha chai.

Maneno ya Assani yanauma na yanapita. Ya Riziki ndiyo yaliyobaki. Mama, sikumwambia. Nilimwambia ulikula, ulicheka, ulijikuna, nilimwambia habari ya Lualaba na kamba. Sikumwambia kwamba uliomba kurudi. Kwa hiyo alijijengea habari yake mwenyewe, na mimi nikaiacha isimame: kwamba mama yake alipima, akaona dawa ni bora kuliko kuja kumukanda. Alikandwa na shangazi yangu, ambaye mukono wake ni muzito na mudomo wake ni muzito zaidi. Hakulalamika. Alilia kwenye matanga kidogo tu, machozi ya adabu, na watu wakasema ana moyo mugumu. Mimi nilijua huo ugumu umetoka wapi, nikaenda kurekebisha redio.

Nilikuwa na mupango. Nilisema: nitangoja simu ya dokta. Akisema ni dawa mpya, nitamwambia Riziki yote, magoti na kila kitu, kwa sababu magoti yatakuwa na maana. Nitakuwa mukwe aliyekosea adabu ili kuokoa. Na akisema ni maji, basi nitanyamaza, nizeeke nayo. Unaona ujanja huo? Nilitaka ile mashine ya kura inipigie na mimi kura yangu.

Jana Riziki alikuwa anamuosha Salima kwenye beseni uani, mimi nimekaa kizingitini ninafunga skrubu. Mutoto analia, maji yamekuwa ya moto kidogo. Riziki akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mutu anayesema bei ya muhogo: "Nyamaza. Angekuosha bibi yako, anajua kazi hii. Lakini alikuwa na kazi yake kubwa Kinshasa, hakuwa na nafasi yetu."

Skrubu ilianguka. Nikasema, "Alitaka kuja."

"Nani?"

"Mama. Aliomba kurudi. Kabla hujazaa. Alisema nani atakukanda. Mimi nikamuzuia."

"Ulimuzuia namna gani? Mama hazuiliki."

"Nilipiga magoti."

Aliacha mukono ndani ya maji. Aliniangalia kama kitu ambacho mutu ameleta mezani na hajui kilikuwa cha nini. "Ulimupigia mama yangu magoti? Wewe?" Nikasema ndiyo. Akamutoa mutoto, akamufunga kwa kitenge, halafu akasema, si kwangu: "Kumbe alitaka kuja." Akasema tena, "Kumbe alitaka kuja. Mimi nimemukasirikia mutu mwenye alikuwa ananitafuta." Akakaa chini pale kwenye maji yaliyomwagika na akakulilia, Mama, kwa sauti, kama binti anavyomulilia mama yake, mpaka majirani wakaja wakidhani kuna kilio kipya. Aliwaambia ni kilio kilekile.

Hajaniambia neno tangu hapo. Akiwa na kitu cha kuniambia, anamwambia mutoto: "Salima, mwambie baba yako chakula kiko juu ya meza." Salima ana umri wa kuuma waya, hafikishi ujumbe wowote. Lakini chakula ninakikuta, na nimekila. Sikutegemea kukikuta.

Sikuombi unisamehe. Ukinisamehe kwa sababu nimeomba, tutakuwa tumerudi kwenye sakafu ileile, na wewe huna namna ya kukataa. Baki nayo. Uamue ukitaka, au usiamue.

Ninakuahidi hivi. Siku ya kumaliza matanga, wageni wakishakula, nitasimama mbele ya Assani na wazee wako, na nitasema kwamba dawa haikukuweka Kinshasa, wala madokta. Nitasema ni mimi. Nitasema nimesimama. Wakinitoza mbuzi nitatoa mbuzi. Na Riziki akitaka, nitamupeleka yeye na Salima mpaka kwenye kaburi lako, nikae mbali kama inavyotakiwa, nyuma, nisisikie mutakayoongea.

Lala vizuri, Mama. Lala kwa mugongo, kwa ubavu, namna yoyote unayotaka, hakuna kinachouma tena.

Nilikuwa nimefika hapa nikitafuta bahasha, telefone ikalia, na ilikuwa yangu. Ni dokta. Alinisalimia, akatoa pole tena, akaniuliza kama nimekaa. Mufuko wa pili ulikuwa maji ya chumvi, tangu siku ya kwanza.